Kesi moja, milango minne: wakili wa serikali afungue wapi shauri la kumlinda mlaji?

Mwaka 2022 matangazo yaleyale ya biashara yalishughulikiwa na serikali kwa njia mbili tofauti. Kampuni ya Intuit ilikuwa ikiwatangazia Wamarekani kwamba wanaweza kujaza ritani za kodi bure kwa programu yake ya TurboTax. Serikali ilidai kwamba wengi walifika katikati ya fomu ndipo wakaambiwa hali yao inahitaji toleo la kulipia. Machi 2022 Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilifungua shauri ndani ya baraza lake yenyewe. Mei 2022 wanasheria wakuu wa majimbo yote 50 pamoja na Wilaya ya Columbia, New York ikiwa mbele, walifikia makubaliano ya dola milioni 141, na walaji karibu milioni 4.4 wakapangiwa hundi, wengi wao za dola 30 hivi. FTC ilitoa uamuzi wake Januari 2024: kampuni isitangaze tena neno "bure" kwa namna ile. Hakuna mlaji aliyerudishiwa hata senti kwa uamuzi huo. Matangazo yalikuwa yaleyale na malalamiko yaleyale, ila milango ilikuwa tofauti.

Ulinganisho huu ni wa wakili anayeongoza timu ya serikali, au anayejiandaa kuiongoza, ambaye jalada limeshafika mezani na limebaki swali la mahali pa kufungulia. Mfumo wenyewe ni wa Marekani, ambako kila mlango una pesa yake, saa yake na mtego wake.

Ukurasa wa mwisho uandikwe kwanza

Wakili mwenye haraka huanza na hati ya madai. Anayeijua kazi huanza na rasimu ya hukumu, ukurasa mmoja tu: kampuni iache nini, walaji warudishiwe nini na kwa hesabu gani, adhabu iwe kiasi gani, na kama kuna mali ya kuzuiwa kabla haijahamishwa. Mbele ya kila mstari unaandikwa kifungu kinachompa jaji uwezo wa kuamuru jambo hilo. Mstari usio na kifungu ama unafutwa, ama unakulazimisha ubadili mlango. Zoezi hili huchukua nusu siku, na timu nyingi huliruka kwa sababu linaonekana la kitoto.

Chini ya ukurasa huohuo weka tarehe mbili: ya kosa la kwanza unaloweza kulithibitisha na ya kosa la mwisho. Utaona chini kwamba mwaka mmoja wa kuchelewa unaweza kukufungia mlango mmoja na kukuachia mwingine wazi.

| | Baraza la ndani la FTC | FTC katika mahakama ya shirikisho | Shauri la adhabu, kwanza kupitia Wizara ya Sheria | Mwanasheria Mkuu wa jimbo katika mahakama ya jimbo |
|---|---|---|---|---|
| Anayeamua | Jaji wa ndani, kisha makamishna | Jaji wa wilaya | Jaji na juri | Jaji, au juri kutegemea jimbo |
| Pesa kwa walaji | Haziamriwi hapo. Hudaiwa baadaye mahakamani | Ndiyo, kanuni ikiwa imevunjwa | Zinaweza kuunganishwa na adhabu | Ndiyo, kwa sheria ya jimbo |
| Adhabu ya fedha | Hapana, mpaka amri ivunjwe | Hapana, bila kupitia mlango wa tatu | Hadi dola 53,088 kwa kosa (kiwango cha 2025) | California hadi 2,500, Massachusetts hadi 5,000, Texas hadi 10,000 kwa kosa |
| Kuzuia mali haraka | Hapana | Ndiyo | Mara chache | Ndiyo |
| Ukomo wa kudai pesa za walaji | Miaka 3 kabla ya shauri. Kisha mwaka 1 baada ya amri kukamilika | Miaka 3 tangu kosa | Miaka 3 kwa fidia | California miaka 4. New York miaka 6 kwa sheria yake ya udanganyifu wa kurudiarudia |

Mlango wa kwanza: baraza la ndani

Hapa FTC inashitaki mbele ya jaji wake wa ndani, na makamishna ndio wanaotoa uamuzi wa mwisho. Msomaji wa Dar es Salaam ataona umbo analolijua: Tume ya Ushindani huchunguza na kuamua, na asiyeridhika hukata rufaa Baraza la Ushindani. Washington hakuna baraza la kati kama hilo. Mshitakiwa ana siku 60 za kwenda moja kwa moja mahakama ya rufaa ya shirikisho, tena ile ya eneo lolote anakoishi au alikofanya biashara inayolalamikiwa. Kampuni inayouza nchi nzima kwa hiyo hujichagulia mahakama. Kiongozi wa timu aandike hoja zake kwa jaji wa ndani huku akijua kwamba msomaji wa mwisho anaweza kuwa mahakama ya rufaa asiyoipenda.

Saa ya mlango huu ni ya haraka kuliko watu wanavyodhani. Kwa mashauri ya kawaida ya walaji, kusikilizwa kunapangwa miezi 8 baada ya hati kutolewa. Mashahidi wataalamu, uchunguzi wa maoni ya walaji na nyaraka vyote viwe tayari kabla ya kufungua. Anayefungua kwa matumaini kwamba ushahidi utapatikana njiani ataumia.

Udhaifu mkubwa ni pesa. Baada ya amri kukamilika, FTC inaweza kwenda mahakamani chini ya Kifungu cha 19 cha Sheria ya FTC kudai fidia, lakini hapo inabidi ithibitishe kwamba mtu wa kawaida mwenye akili timamu angejua kitendo kile ni cha udanganyifu au kukosa uaminifu. Kizingiti hicho ni kirefu kuliko kile cha kuonyesha tu kwamba tangazo lilipotosha. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika shauri la Axon, Aprili 2023, mshitakiwa anaweza kwenda mahakama ya wilaya kupinga uhalali wa baraza lenyewe kabla shauri halijaisha. Hata akishindwa, atakuwa amekula muda.

Kwa nini basi mtu autumie? Kwa ajili ya amri. Amri ya FTC kwa kawaida hudumu miaka 20, na kila kosa linaloivunja lina adhabu yake. Facebook ilipewa amri ya faragha mwaka 2012. Mwaka 2019 ililipa dola bilioni 5 kwa madai ya kuivunja. Aliyeandika amri ya 2012 kwa sentensi zinazopimika aliwapa wenzake kesi miaka 7 baadaye. Amri inayosema "kampuni itende kwa uadilifu" haina thamani hiyo, kwa sababu hakuna wakili atakayethibitisha imevunjwa mara ngapi.

Mlango wa pili: mahakama ya shirikisho

Kwa miongo minne hivi huu ndio uliokuwa mlango wa pesa. Kifungu cha 13(b) cha Sheria ya FTC, kilichoongezwa 1973, kinataja amri za zuio tu, lakini majaji walikuwa wakikitumia kurudishia walaji fedha. Tarehe 22 Aprili 2021 Mahakama ya Juu, majaji wote 9 wakikubaliana, iliamua katika shauri la AMG Capital kwamba kifungu hicho hakitoi fedha. Hukumu ya dola bilioni 1.27 dhidi ya biashara ya mikopo midogo ikaporomoka. Tangu siku hiyo, wakili anayefungua kwa 13(b) peke yake anakwenda kuomba zuio na si zaidi.

Kilichobaki ni Kifungu cha 19, nacho kinataka kanuni mahususi iliyovunjwa, si katazo la jumla la udanganyifu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya timu ni kuisaka kanuni. Kuna kanuni ya mauzo ya simu. Kuna kanuni ya tathmini bandia za wateja, iliyoanza kutumika Oktoba 2024. Na kuna sheria ya 2010 ya kulinda wanunuzi wa mtandaoni, ROSCA, ambayo kuivunja kunahesabiwa sawa na kuvunja kanuni. Kwa usajili unaojirudia wenyewe kila mwezi, ROSCA inadai mambo matatu: masharti yote muhimu yaelezwe waziwazi kabla ya kuchukua taarifa za kadi, ridhaa ya wazi ipatikane kabla ya kukata pesa, na njia ya kujitoa iwe rahisi. Kila moja kati ya hayo matatu linasimama kama dai lake.

Linalovuruga mara nyingi ni hati ya madai iliyochanganya mambo. Timu inaandika dai la udanganyifu wa jumla na dai la ROSCA kwa maelezo yaleyale, halafu inashinda la kwanza na kupoteza la pili. Imeshinda kesi, na walaji hawapati kitu. Tenganisha madai, na kwa kila dai lenye pesa weka ushahidi wake na hesabu yake.

Hatari nyingine ni kujenga nyumba juu ya kanuni changa. Kanuni ya FTC ya kurahisisha kujitoa kwenye usajili ilifutwa na Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 8 mnamo Julai 2025, siku chache kabla makampuni hayajatakiwa kuitii. Waliotegemea ROSCA hawakutikisika: Septemba mwaka huohuo Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 katika shauri la usajili wa Prime lililofunguliwa Seattle Juni 2023, bilioni 1.5 za walaji na bilioni 1 ya adhabu. Kesi ilikuwa imeanza mbele ya juri siku chache tu, na jaji alikuwa ameshaamua mapema kwamba kuchukua taarifa za malipo kabla ya kueleza masharti kulivunja ROSCA. Uamuzi wa aina hiyo kabla ya juri kuketi ndio unaomleta mpinzani wako kwenye meza ya makubaliano, kwa hiyo maombi ya hukumu ya sehemu ya madai kabla ya kesi kusikilizwa yasiachiwe wakili mdogo ayaandike wiki ya mwisho.

Nguvu halisi ya mlango huu ni zuio la dharura la upande mmoja. Tapeli anayeuza huduma hewa kwa simu hangojei hati ya wito. Akipata fununu, akaunti zinakauka. Zuio hilo halizidi siku 14, na linaweza kuongezwa mara moja kwa sababu nzuri. Furushi linaloingia mahakamani liwe na ombi, hoja za sheria, kiapo cha mpelelezi, viapo vya walaji, kiapo cha mhasibu anayeonyesha pesa zilivyotembea, rasimu ya amri, na kiapo cha wakili kinachoeleza kwa nini upande wa pili usijulishwe. Hicho cha mwisho ndicho huandikwa kwa ulegevu, na ndicho jaji anachokisoma kwanza. "Matapeli huficha mali" haitoshi. Onyesha uhamisho wa tarehe fulani, kampuni mpya iliyosajiliwa mwezi fulani, pesa zilizotolewa taslimu.

Kiasi kinachozuiwa kilingane na fidia ya Kifungu cha 19. Baada ya AMG, ombi linalozuia mali bila dai la fedha lililo hai hupanguliwa kwenye kusikilizwa kwa mara ya kwanza. Siku ya utekelezaji, benki zipewe amri kwanza, kisha wenye seva, na ofisi ya mshitakiwa mwisho. Na isiwe Ijumaa alasiri, maana idara za sheria za benki zinakuwa zimeshafunga.

Kuhusu viapo vya walaji: 15 hadi 25 vilivyochaguliwa vizuri vinashinda 200 vilivyokusanywa ovyo. Tafuta wenye risiti au taarifa za benki, walionunua katika miezi tofauti, kutoka maeneo tofauti, na mmoja au wawili waliojaribu kujitoa wakashindwa huku wakihifadhi barua pepe. Kila mmoja aulizwe mapema kama aliwahi kurudishiwa pesa. Mlaji aliyelipwa akasahau kusema ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili wakati wa kudodosa.

Mlango wa tatu: adhabu

FTC ikitaka adhabu ya fedha, kwanza inalipeleka jambo kwa Wizara ya Sheria, ambayo ina siku 45 za kulichukua. Zikipita bila kulichukua, FTC inaweza kufungua kwa jina lake. Siku hizo 45 ziwekwe kwenye kalenda ya timu tangu mwanzo, hasa ukomo wa muda wa kudai ukiwa karibu.

Adhabu ya kuvunja kanuni inadai ujuzi: kwamba mshitakiwa alijua, au alipaswa kujua, kwamba kitendo kile kimekatazwa na kanuni. Barua za onyo na mafunzo ya ndani ndivyo vyanzo vya kawaida. Kisha jaji anaangalia kiwango cha hatia, historia, uwezo wa kulipa na athari kwa biashara. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika shauri la Tull, 1987, mshitakiwa wa adhabu katika mahakama ya shirikisho ana haki ya juri kuamua kama kosa limetendeka, ingawa kiasi hupangwa na jaji. Timu isiyozoea juri hapa hupwaya. Jalada la kurasa 40,000 linapaswa kuwa hadithi ya picha 12 za skrini.

Mfano wa kutumia milango miwili kwa mkupuo ni Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, Desemba 2022: dola milioni 275 za adhabu kwa sheria ya faragha ya watoto, zilizodaiwa na Wizara ya Sheria mahakamani, na milioni 245 za kuwarudishia walaji kupitia amri ya baraza la ndani. Anayeshangaa pesa zimetokaje kwenye baraza lisiloamuru fidia akumbuke kwamba yalikuwa makubaliano. Kampuni ikiridhia, chochote halali kinaandikika. Ila ridhaa hiyo hununuliwa kwa hofu ya mlango mwingine, na kama mlango huo haupo, mezani huna la kuwekea dhamana.

Mlango wa nne: jimbo

Kwa maoni yetu huu ndio mlango ambao wakili mwenye kesi nzuri na kanuni mbovu anapaswa kuufikiria kwanza. Sheria za majimbo hazikuguswa na AMG. Kifungu cha 17200 cha California kinakataza kwa upana kitendo chochote cha biashara kisicho halali, kisicho haki au cha udanganyifu, na New York ina Kifungu cha 63(12) kinachoshughulikia udanganyifu wa kurudiarudia bila kudai uthibitisho wa nia. Kifungu cha usuluhishi kwenye mkataba wa mlaji, kile kinachomnyima mtu binafsi mahakama, hakiifungi serikali ambayo haikutia saini mkataba huo.

Mshitakiwa mkubwa karibu kila mara atajaribu kulihamishia shauri mahakama ya shirikisho. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliamua katika shauri la Mississippi dhidi ya AU Optronics kwamba shauri la jimbo peke yake, hata likidai fidia kwa ajili ya wakazi, si shauri la umati linalohamishika kwa sheria ya 2005 ya mashauri ya pamoja. Ulinzi huo unapotea kwa kosa dogo: kuongeza dai moja la sheria ya shirikisho kwenye hati. Kama unataka kubaki kwa jaji wa jimbo, hati nzima iwe ya sheria ya jimbo, hata maneno ya utangulizi.

Kubaki jimboni kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Katika mashauri ya majimbo dhidi ya Meta yaliyoko mahakama ya shirikisho California, hakimu msaidizi aliamua mwaka 2024 kwamba wanasheria wakuu watafute pia nyaraka za idara nyingine za majimbo yao, elimu na afya zikiwemo. Kiongozi aliyefungua kesi ya walaji akajikuta anasimamia ukusanyaji wa barua pepe za wizara nyingine. Andika barua za kutunza nyaraka kwa idara hizo kabla ya kufungua, si baada ya kuulizwa.

Taarifa za awali nazo zina kalenda zake. Massachusetts inataka angalau siku 5 kabla ya kufungua, Texas siku 7, kila moja ikiwa na nafuu pale dharura ilipo. Jambo dogo, lakini limewahi kuwapa washitakiwa hoja ya bure.

Kisha juri. California, tangu hukumu ya Nationwide Biweekly ya Aprili 2020, hakuna haki ya juri katika mashauri ya serikali ya adhabu chini ya sheria hizi. Jaji anaamua yote. Texas juri ipo. Ukweli uleule, timu tofauti: kwa jaji peke yake peleka mtaalamu wa takwimu na majedwali, kwa juri, yule bibi aliyekatwa dola 39 kila mwezi kwa mwaka mzima.

Kuhesabu makosa ndiko kiini cha adhabu za jimbo, na ndiko kesi kubwa hupungua. California ilishitaki Johnson & Johnson kuhusu vifaa vya wavu vinavyopandikizwa nyongani kwa upasuaji. Januari 2020 jaji alitoa adhabu ya takriban dola milioni 344 kwa kiwango cha dola 1,250 kwa kosa, yaani makosa yapata 275,000. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ilipunguza hadi kama milioni 302. Zilizofutwa zilikuwa adhabu za mazungumzo ya mdomo ya wauzaji, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa kilichosemwa kwenye mazungumzo hayo. Vipeperushi na maandishi vilisimama. Funzo la hesabu ni la moja kwa moja: hesabu unachoweza kukionyesha. Chagua kipimo mapema (idadi ya walaji, ya matangazo, ya mauzo, ya siku), kieleze kwenye hati ya madai, na mwagize mtaalamu akihesabu kwa njia mbili ili hata jaji akikataa moja ibaki nyingine. Jaji wa California ana uhuru wa kushusha kiwango chini ya 2,500, kwa hiyo makosa mengi kwa kiwango cha wastani husimama kwenye rufaa kuliko machache kwa kiwango cha juu kabisa.

Peke yako au na majimbo mengine? Kundi lina sauti na linagawana gharama. Intuit ni ushahidi. Lakini kundi huenda kwa mwendo wa aliye nyuma. Kila hati inapitia kamati ya uongozi, kila jimbo lina bosi aliyechaguliwa na uchaguzi wake. Makubaliano ya kusimamisha ukomo yasainiwe na kila jimbo, yataje kampuni mama na tanzu zake zote kwa majina, na yawe na tarehe ya mwisho. Tanzu iliyosahaulika ndiyo utakayokuta imeandikwa kwenye mikataba ya walaji. Jimbo lenye mawakili wachache ofisini linaweza kuajiri mawakili binafsi wa malipo ya asilimia. California iliruhusu hilo mwaka 2010 kwa sharti kwamba wakili wa serikali ndiye anayeshika usukani, ikiwemo uamuzi wa kusuluhisha. Mkataba wao uandikwe hivyo, na mwenendo ufanane na maandishi.

Na ile ofisi ya fedha?

Kwa benki, mikopo na kutuma pesa kulikuwa na mlango wa tano wenye nguvu, CFPB, ofisi ya shirikisho ya kumlinda mlaji katika huduma za fedha, iliyoanzishwa na sheria ya 2010. Inafungua kwa jina lake, na adhabu zake huingia mfuko unaoweza kuwalipa walioumizwa badala ya kupotelea hazina. Mwaka 2022 Wells Fargo ilikubali dola bilioni 3.7 mbele yake. Mwaka 2025 ofisi hiyo ilifuta mashauri mengi. Lile la Capital One lilifutwa Februari, na Mei New York ikafungua la kwake. Wanaotuma pesa Mombasa au Bujumbura kutoka Marekani wanaguswa hapa: kanuni ya 2013 inampa mtumaji dakika 30 za kubatilisha na siku 180 za kudai kosa lirekebishwe. New York na CFPB walifungua pamoja shauri dhidi ya MoneyGram mwaka 2022 chini ya kanuni hiyo. CFPB ilipojitoa 2025, jimbo likabaki. Fundisho kwa mwenye kesi ya ubia: hakikisha madai yako ya jimbo yanasimama bila mwenzako.

Uchague upi

Mali inahama usiku huu na kuna kanuni iliyovunjwa: mahakama ya shirikisho. Kampuni kubwa isiyokimbia, tangazo lenye kupotosha, hakuna kanuni: jimbo, na kama majimbo mengine yako tayari, kundi. Tabia mpya ambayo sheria haijaielezea na unataka mipaka iandikwe kwa miaka 20: baraza la ndani, ukijua walaji watangoja. Kuna amri ya zamani iliyovunjwa: adhabu, bila kusita. Miaka mitatu imepita: angalia jimbo lenye minne au sita kabla ya kukata tamaa.

Mlango wowote utakaochagua, makubaliano na mshitakiwa asiye na kitu yana umbo moja linalofaa: kiasi kamili kiandikwe kwenye hukumu, sehemu kubwa isimamishwe kwa kutegemea tamko lake la mali chini ya kiapo, na kifungu kiseme kwamba akigundulika kaficha, kiasi chote kinadaiwa mara moja. Kwa kampuni inayoelekea kufilisika, kumbuka kwamba kufilisika hakusimamishi shauri la serikali la kulinda umma, ila kunasimamisha ukusanyaji wa fedha zilizoamriwa.

Orodha ya walaji pia idaiwe ndani ya hukumu, kwa majina, anwani, barua pepe na kiasi alicholipa kila mmoja, ndani ya siku 14, kwa faili linalofunguka. Kampuni iliyoshindwa huacha kulipia seva. Bila orodha utatumia fomu za madai, na wanaozijaza ni wachache. Ukiwa nayo, hundi zinatumwa bila mlaji kuulizwa lolote. Anwani zipitishwe kwanza kwenye kumbukumbu za posta za waliohama. Hundi za FTC huwa za kubadilishwa ndani ya siku 90, na inayorudi kwa anwani mbovu ni pesa iliyoshinda mahakamani ikashindwa mlangoni kwa mwenyewe.